Mikanda Minne ya Ngozi ya Tumbo

6 Februari

Mjomba, shikamoo.

Huku hatujambo, isipokuwa magoti ya Bibi, ambayo mwenyewe amenikataza kukuandikia, kwa hiyo sijakuandikia. Mama anakusalimu. Tangu wambadilishie zamu kule kwenye mikate anarudi saa nne asubuhi ana unga mpaka kwenye nyusi, na analala na viatu. Bibi anauliza kama hospitalini mwanawe anapewa chai ya moto au ya uvuguvugu. Amesema nisiandike kitu kingine kabla ya hilo, lakini nimeshaandika.

Ulisema nikuandikie badala ya simu, kwa sababu kwenye simu naitika "ndiyo Mjomba, ndiyo Mjomba" kama mtu anayehojiwa na polisi. Basi naandika. Karatasi haina uso, haininyimi maneno.

Karakana iko salama. Nafungua saa mbili, nafagia, nageuza kiti chako kitazame ukuta ili mteja asikae akaanzisha mazungumzo. Jana alikuja Afande. Mjomba, mbona hukunionya? Nilijua ni mama anayefundisha mbwa wa ulinzi. Sikujua kwamba na watu anawafundisha vilevile. Alisimama mlangoni akasema, "Wewe! Njoo!" Nikaenda. "Kaa!" Nikakaa. Akacheka mpaka akashika mlango, mimi nikihesabu matundu ya kamba za viatu vyake. Ana mbwa tisa wanaoanza kulinda maghala mwisho wa mwezi huu. Anataka mikanda tisa ya shingo na kamba tisa za kuwaongozea, yote ngozi tupu, bizimu za shaba za kufungia. Ameacha nyuzi tisa; kila uzi amezungusha shingo ya mbwa mmoja akapiga fundo, akafunga na kikaratasi chenye jina. Mbwa wake wana vyeo kuliko ukoo wetu mzima: Waziri, Jaji, Mhandisi, Meneja.

Nilitaka kumwambia kwamba haupo, kwamba mimi nashona, natoboa na kulainisha kingo, lakini kisu cha kukatia sijawahi kukishika ila kukifuta. Maneno yote hayo yalikuwepo mdomoni. Nikasema, "Ndiyo."

Mkono unaendeleaje? Daktari amesemaje?

Mpwa wako,
Sindano


13 Februari

Sindano wangu,

Marahaba. Mwambie mama yangu chai ni ya moto, tena huku kuna dada mmoja wa zamu anayeipitisha akikimbia, kwa hiyo inafika hata kabla hatujaamka. Mwambie mama yako avue viatu. Na magoti ambayo hukuniandikia, yapake yale mafuta ya kijani.

Afande ni mtu mwema, sauti tu ndiyo haina mlango. Kazi yake utaifanya wewe. Usitetemeke, maana naona mwandiko wako unatetemeka tangu hapa.

Ngozi ipo juu ya rafu, nimeifunga gunia. Ni upande mzima. Inatosha mikanda tisa na kamba tisa, na kinabaki kipande cha mkanda mmoja wa akiba. Nimeipima kwa macho na macho yangu unayajua. Kata kwenye mgongo. Ngozi ya mgongo imekaza, ukiivuta inakurudishia. Ya tumbo ililala juu ya tumbo la ng'ombe lililokuwa likijaa asubuhi na kupungua usiku, imezoea kutanuka, haitaacha tabia yake kwa sababu wewe umeitia bizimu. Ukimvalisha mbwa mkanda wa tumbo Jumatatu utamkaa vizuri kabisa. Baada ya wiki chache anarudi nyuma, anatikisa kichwa, na wewe unabaki na mkanda mkononi unamwona anavyopungua barabarani. Tumbo ni la vifuko vya funguo.

Ukikwama, uliza. Kuuliza hakutoi damu.

Mkono upo. Umeshikana na bega kama zamani. Dirishani kwangu naona kamba ya kuanikia mashuka, jana yalikuwa arobaini na moja. Nitarudi mwisho wa mwezi.

Mjomba wako


27 Februari

Mjomba, shikamoo.

Mama sasa anavua viatu lakini kimoja tu. Bibi amepakwa yale mafuta, anasema yananuka kama gereji, ila jana alipanda ngazi bila kumtaja marehemu Babu hata mara moja. Amegombana na redio. Amepatana nayo. Mvua imenyesha siku mbili na bati lile la kona ya karakana linavuja palepale, nimeweka ndoo. Matokeo ya mtihani bado hayajatoka. Wenzangu wanasema yatatoka wiki hii, walisema hivyo na wiki iliyopita.

Kazi ya Afande imekwisha. Amechukua yote tisa na kamba zake, amefurahi. Nimepiga muhuri wako upande wa ndani kama kawaida. Ngozi ilitosha.

Mwisho wa mwezi ni kesho. Bibi amenipigisha deki chumba chako mara mbili.

Mkono?

Sindano


7 Machi

Mpwa wangu,

Usishangae mwandiko. Namtamkia jirani wa kitanda cha pili, mwalimu mstaafu, yeye anaandika. Anasahihisha hata ninavyokohoa. Mkono unapumzishwa.

Mwambie Bibi asideki tena, nitafika katikati ya mwezi, au baadaye kidogo. Madaktari wa huku wana mambo yao.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Ina magoti, ina redio, ina bati, ina ndoo. Ngozi imepata maneno mawili. Miaka mitatu umekaa pembeni yangu. Ukishona vizuri unanionyesha mshono hata nikiwa nakula. Safari hii hujanionyesha kitu. Kile kipande cha akiba kimebaki na urefu gani? Kipime kwa shubiri uniandikie.

Mwalimu anasema nikuulize pia kama unasoma vitabu. Nimekuuliza.

Mjomba wako


16 Machi

Mjomba, shikamoo.

Salamu za nyumbani ni nyingi na nitakupa zote siku nyingine. Nikizianza sasa sitafika ninakokwenda.

Ngozi haikutosha. Hakuna kipande.

Nilianza kukuandikia hili kwa lugha ya shuleni, nikidhani litakuwa jepesi. Likawa jepesi mno. "Vipimo havikuzingatiwa, hitilafu ikatokea." Ukisoma unadhani hitilafu ilikuwa inapita njia ikaingia karakana yenyewe. Nikachana. Naanza tena kwa lugha ninayoombea chumvi mezani.

Nilitandaza nyuzi za Afande juu ya ngozi, ncha hadi fundo. Nilipima mara mbili kama wewe. Nilikata kwenye mgongo, Mjomba, mgongo mtupu, na mstari ulinyooka mpaka nikajisifu kwa sauti mle ndani peke yangu. Nikakata minne. Ndipo nikachukua bizimu ya kwanza niishone, nikaona hakuna pa kuishonea. Nilikuwa nimekata shingo tu. Sikuongeza ule mkunjo wa kushikilia bizimu, wala mkia wa kutoboa matundu. Mikanda minne inayozunguka shingo ya mbwa ikakutana ncha kwa ncha, halafu basi, inatazamana.

Niliipima tena. Sijui nilidhani itakuwa imerefuka.

Mgongo uliobaki ulitoa mikanda mitano na zile kamba; wa sita haukufika urefu. Ngozi nyingine huletwa kwa kuagiza, wiki tatu, na Afande alikuwa na siku nane. Minne nikaikata kwenye tumbo. Usiseme sikujua. Barua yako ilikuwa mfukoni mwa aproni, naijua kwa moyo, na yale maneno ya vifuko vya funguo yamo. Niliipaka nta, nikaigonga na nyundo ikakaza, nikalainisha kingo mpaka vidole vikaungua. Ilitoka inang'aa kuliko ile mitano mizuri. Afande alipokuja aliokota mmoja wa tumbo, akaunusa, akasema, "Huu sasa ndio mkanda! Huu wa Waziri." Waziri ni kipenzi chake na ndiye mkubwa kuliko wote. Akaniuliza, "Si ndiyo?" Nikasema, "Ndiyo."

Tangu hapo sikai. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka. Kila siku alasiri napita nje ya ua wa Afande, nakwenda mpaka kona na kurudi, najifanya natafuta kitu kilichoanguka. Nachungulia kwenye waya, naangalia shingo. Wiki ya kwanza mkanda wa Waziri ulifungwa tundu la tatu. Jumatatu ulikuwa la nne. Leo ni la tano. Mjomba, matundu ni matano. Na ghala analolinda liko kwenye barabara ya malori.

Leo aliniona, akapaza sauti, "Sindano! Umepoteza nini hapo kila siku?" Nikakimbia. Msichana mzima wa miaka kumi na saba.

Nakuomba umwandikie wewe. Wewe ukimwandikia atakuwa anasikia fundi. Mimi nitafungua mdomo patoke "ndiyo" nyingine. Ukimaliza kumwandikia, nitukane. Nangoja.

Na nimekuuliza juu ya mkono barua zote. Umenijibu mashuka.

Sindano


22 Machi

Sindano,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Ni polepole, kwa hiyo sikiliza yaliyopo.

Sitamwandikia Afande. Nenda wewe. Ukimaliza kusoma hii usikunje hata karatasi, nenda.

Hilo kosa lako nalijua jina na ukoo. Mimi nilikata shingo sita nikasahau bizimu. Fundi wangu alinifunga mmoja mkononi kwa gundi, nikatembea nao mwezi mzima, wasichana wakidhani ni urembo. Aliniambia kila anayeshika kisu lazima akate shingo mara moja. Wewe ulipaswa kuzikata mbele yangu, mwaka wa kwanza, kwenye vipande vya kutupa. Sikukupa kisu kwa sababu nilipenda kukata mwenyewe. Hilo ni langu. Tumbo ni lako.

Sasa mkono. Gumba na vidole viwili havisikii kitu. Haviumi, vingeuma ningeshukuru. Wamepasua mara mbili; kabla ya mara ya pili bado niliweza kubana kalamu, sasa hata hiyo siwezi. Sitashika msharasi wa kushonea tena, wala kisu. Daktari aliniambia mwezi wa kwanza, hata barua yako ya kwanza haijafika. Nikawa nahesabu mashuka. Mwalimu alinisomea yako ya juzi mpaka mwisho, akanipa kalamu.

Mama yangu nitamwambia mwenyewe.

Nenda.


30 Machi

Mjomba,

Barua yako imezunguka njiani siku nane. Imefika leo saa tano. Saa tano na robo nilikuwa kwa Afande, na kisu mfukoni kwa sababu nilitoka na aproni.

Waziri alitoroka jana.

Walikuwa wanavuka kwenda ghalani. Lori lilipiga honi, akarudi nyuma, akatikisa kichwa. Ilikuwa kama ulivyoandika, kila kitu. Afande alikuwa bado ameushika ule mkanda, anaugeuzageuza. Aliponiona akasema, "Sielewi. Bizimu nzima, mshono mzima." Alikuwa anajilaumu, Mjomba. Alikuwa anadhani alimfunga vibaya.

Angenifokea kabla sijasema, ningesema haraka. Lakini alikuwa ameketi kwenye ndoo, anaongea kwa sauti ya kawaida. Nikasema, "Ni mimi." Akasema, "Wewe nini?" Nikamweleza. Sikuruka kitu, hata nyundo, hata nta. Nikamwambia na ile mingine mitatu, ni ya Jaji, Meneja na yule wa masikio mafupi, nikaomba wavuliwe sasa hivi. Akawafungia ndani mmoja mmoja. Akaniletea mikanda. Nikaikata vipande palepale mbele yake. Muhuri wako uko ndani ya kila mmoja, nao nimeukata, nisamehe.

Nilingoja atoe ile sauti yake. Hakutoa. Alisema, "Ulikuwa unapita hapa kila siku." Si swali. Nikasema ndiyo. Akasema, "Kila siku, ukiona." Halafu akainuka akaingia ndani, akanifungia mlango taratibu kabisa, nikasikia kitasa kinavyokaa.

Nilisimama uani na mbwa wananitazama. Nikagonga. Nikasema kwa nje kwamba nitamtafuta naye. Mlango ukasema, "Saa kumi. Vaa viatu vya maana."

Sasa ni saa tisa u nusu. Mkono wako siwezi kuuandikia leo. Nimeusoma mara moja tu, nikirudia sitatoka.

Sindano


9 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Bibi anajua. Mama ameniambia kwamba ulimpigia simu, na kwamba wewe ulilia na Bibi hakulia, aliuliza tu kama mkono wa kushoto unashika kikombe. Sasa anafanya mazoezi ya kunywa chai kwa mkono wa kushoto ili muwe wawili. Ameunguza goti.

Waziri tumempata. Nakwambia mapema kwa sababu najua utaruka mistari.

Siku ya kwanza tulitembea mpaka miguu ikafa ganzi. Afande anaita upande huu wa barabara, mimi ule. Nilikuwa naita chinichini, kama mtu aliyekanyaga mguu wa mgeni. Afande akavuka barabara kuja kuniuliza, "Unamwita au unamsengenya?" Ndiyo maneno pekee aliyonipa siku hiyo.

Siku ya pili nikapaza. Watoto wakanifuata wakiniiga. Mzee mmoja aliyekuwa anarekebisha baiskeli akasema bila kuinua kichwa, "Waziri? Huku hajawahi kupita waziri, binti, jaribu wakati wa uchaguzi." Zamani ningerudi nyumbani nikae chini ya kitanda wiki nzima. Nikamwambia ni mbwa, mkubwa, wa kahawia, sikio la kushoto limekunjika, hana mkanda kwa sababu niliutengeneza vibaya. Mjomba, nilimwambia mtu nisiyemjua! Akasema amemwona mmoja akiwinda mapipa upande wa mafundi wa vigae.

Siku ya nne, Ijumaa, nilimkuta huko, nyuma ya rundo la mchanga. Amekonda, mguu wa mbele umechanika. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka amenikopesha nini. Afande alikuwa mitaa miwili nyuma na kamba zote anazo yeye. Mimi nimekaa karakana miaka mitatu, nimeshona kamba hata sijui ngapi, na sikuwa na hata uzi. Nikapiga magoti, nikamkumbatia shingo. Akavuta. Ana nguvu, aliniburuta mpaka mchanga ukaniingia mdomoni, na upande ule geti lilikuwa wazi na malori yanapita. Sikumwachia. Shingo yake niliisikia kwa mikono yote miwili, ilivyo nene, inavyojaa akipumua. Uzi haukuniambia hivyo.

Nikaita, "Afande!" Nikaita tena. Nikaita mpaka mafundi wa vigae wakatoka, na wanawake wa dirisha la juu wakatoka, na wale watoto, watu wakajaa, wananiona nimelala mchangani nimekumbatia mbwa, napiga kelele kama nimeibiwa. Nilijua wananiona. Nikaita zaidi.

Afande alifika anahema. Akamfunga kamba, akakaa chini palepale kwenye mchanga na sisi, akamtazama mguu. Kisha akanitazama mimi. "Sauti hiyo ulikuwa umeiweka wapi?" Nikasema sijui. Akasema, "Ungeitumia mwezi wa tatu." Nikasema ndiyo. Hiyo ndiyo niliisema nikimtazama.

Hajanisamehe, nisikudanganye. Lakini ngozi mpya, niliyoiagiza siku ile nilipokuandikia kosa langu, ilipofika Jumatano alikuja akasimama mezani, akasema, "Kata nikiona." Nikapima, nikaongeza mkunjo, nikaongeza mkia, nikamwonyesha mgongo uko wapi ashike mwenyewe. Mkanda wa kwanza niliukata polepole. Mmoja ulipinda, nikamwambia umepinda kabla hajauliza, nikakata mwingine. Yote minne wamevaa. Waziri yuko tundu la tatu; jana nilikwenda kumpima, na nitakwenda kila Jumapili. Afande ndiye aliyenifungulia geti, akanipokea kikapu.

Matokeo yametoka, nimefaulu vizuri, tutazungumza.

Mjomba, barua yako ya juzi inasema ukitoka utakaa kwanza kwa rafiki yako, kwa sababu huna cha kuja kufanya kwenye karakana. Sikubali. Sikuwahi kukuandikia neno hilo, basi nalirudia: sikubali. Kila nikishika kisu nageuka pembeni kutafuta mtu wa kuniangalia, hakuna. Njoo ukae hapa, usiguse kitu, kunywa chai yako kwa mkono wa kushoto, na nikikosea uniambie hapohapo, kwa sauti, hata kama kuna wateja.

Nami nitakuwa nakujibu.

Mpwa wako,
Sindano